Mafundi wawili, vioo viwili: nichague dirisha gani la kuhimili kimbunga?

Swali: Nyumba yetu iko karibu na bahari, eneo ambalo vimbunga hupiga mara kwa mara. Tunataka kubadilisha madirisha yote kabla ya msimu ujao. Fundi wa kwanza anasema kioo kilichokomazwa kwa joto cha milimita 10 kinatosha, maana ni kigumu mara nne kuliko kioo cha kawaida. Wa pili anataka kioo cha tabaka, na bei yake imepanda sana. Mume wangu anaona yote hayo ni kutupa pesa: tubandike filamu kwenye vioo tulivyonavyo na tuweke plaiwudi stoo. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada, fundi wa pili ndiye aliye karibu na ukweli, lakini naye kama amekutajia kioo peke yake, bado hajakuuzia kinga. Kinachoikoa nyumba kwenye kimbunga ni tundu la ukuta kubaki limezibwa hadi upepo utulie. Kioo kinaruhusiwa kuvunjika. Kisichoruhusiwa ni kutoka mahali pake. Kwa hiyo unachonunua ni kioo, fremu, raba, gundi, makomeo na skrubu za ukutani, vyote vikiwa vimepimwa pamoja kama kitu kimoja. Ukikubali hilo, maswali yako mengine yanakuwa mepesi.

Nianze na sababu, kwa kuwa watu wengi hudhani tatizo ni mvua na vipande vya kioo sebuleni. Upepo unapoipiga nyumba, ukuta unaoutazama unasukumwa ndani, huku paa na kuta za upande wa pili zikinyonywa kwenda nje. Nyumba iliyofungwa hustahimili. Dirisha la upande wa upepo likipasuka na kufunguka, hewa inajaa ndani na kuanza kusukuma paa kutoka chini, wakati huohuo paa hilo linavutwa kutoka juu. Nguvu mbili zinaelekea upande mmoja. Ndiyo maana nyumba nyingi hupoteza dirisha kwanza, kisha paa, kisha kuta. Kimbunga Andrew kilipoingia kusini mwa Florida tarehe 24 Agosti 1992, wakaguzi waliopita kwenye vifusi waliona mfuatano huo nyumba baada ya nyumba, na milango ya gereji ilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kusalimu amri. Kanuni za madirisha zilizotokana na uharibifu ule ndizo zinazoigwa leo katika maeneo mengi yenye vimbunga, na ndizo nitakazozitumia hapa kama kipimo.

Sasa tuje kwa fundi wa kwanza. Ni kweli kioo kilichokomazwa kina nguvu kama mara nne ya kioo cha kawaida chenye unene uleule. Ni kweli pia kwamba ni salama, kwa kuwa kikivunjika humwagika vipande vidogo visivyokata sana. Na hapo ndipo kinapotushinda. Kikipigwa na kona ya bati au kipande cha mbao, kioo chote hupukutika kwa mara moja na fremu inabaki tupu. Hakuna hatua ya katikati kati ya kizima na kutokuwepo. Ukikiweka cha milimita 10 au hata 12, umeongeza uzito wa kile kitakachomwagika sakafuni. Kioo hicho kina kazi zake, kwa mfano mlango wa bafu, lakini kikiwa peke yake hakiwezi kuwa kinga ya kimbunga.

Kioo cha tabaka ni vioo viwili vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati, teknolojia ileile ya kioo cha mbele cha gari. Kikipigwa, vioo hupasuka, lakini vipande vinabaki vimegandia kwenye utando, na utando unabaki kwenye fremu. Umepata nyufa, hukupata tundu.

Lakini angalia sana neno “tabaka” kwenye nukuu ya bei. Kuna kioo cha tabaka cha dukani kinachouzwa kwa jina la milimita 6.38. Maana ya namba hiyo ni vioo viwili vya milimita 3 na utando wa milimita 0.38. Hicho ni kioo cha kuzuia mtu asijikate, hakikuundwa kuzuia mbao inayoruka. Madirisha yanayofaulu kipimo cha kitu kikubwa mara nyingi huwa na utando wa aina ya PVB wenye unene wa takriban milimita 2.3, yaani mara sita ya ule. Vingine hutumia utando mgumu zaidi wa aina ya ayonoplasti. Tofauti yake unaiona baada ya kioo kuvunjika: PVB inalegea na kupeperuka huku na huku, wakati ayonoplasti inabaki imekakamaa. Kwa dirisha la chumba cha kulala PVB nene inatosha kabisa. Kwa ukuta mkubwa wa vioo unaotazama bahari, ningeulizia ile ngumu.

Kuna jambo dogo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Vioo vile viwili vinavyounda tabaka navyo vina aina. Vikiwa vyote vimekomazwa kikamilifu, vikivunjika vyote viwili kwa pamoja vinageuka punje ndogondogo, na tabaka lote linalegea kama blanketi lililolowa. Vikiwa vya kawaida, au vilivyokomazwa nusu tu, huvunjika vipande vikubwa vinavyoendelea kusaidiana kubeba upepo. Kwa hiyo muuzaji akijisifu kwamba tabaka lake “limekomazwa mara mbili”, usidhani moja kwa moja kuwa umepewa kilicho bora. Mwulize limefaulu kipimo gani.

Hapo tumefika kwenye kiini cha jambo. Kipimo chenyewe ni hiki. Maabara inachukua dirisha zima, pamoja na fremu yake, inalifunga kwenye ukuta wa majaribio, kisha inalipiga kwa mbao inayorushwa na mzinga wa hewa. Mbao ile ni kipande cha kawaida cha kuezekea, cha inchi 2 kwa 4, chenye uzito wa takriban kilo 4.1, na kinatangulia kwa ncha kwa kasi ya takriban mita 15.2 kwa sekunde, sawa na kilomita 55 kwa saa. Kuna pigo la katikati na pigo la karibu na kona, kwa sababu kona ndipo kioo kisipo na nafasi ya kunepa na ndipo madirisha mengi hufeli. Kisha dirisha hilohilo lililopasuka linawekwa kwenye mtambo unaolisukuma na kulivuta, kulisukuma na kulivuta. Katika kiwango cha ASTM E1996 (ASTM ni shirika la viwango la Marekani) ni mizunguko 9,000: 4,500 ya kusukuma ndani na 4,500 ya kuvuta nje. Mwisho wake mpimaji anatafuta mpasuko. Ukizidi milimita 130 kwa urefu na hewa inapita, au tufe la milimita 76 likiweza kupenya mahali, dirisha limefeli.

Ukiielewa sehemu ile ya pili ya kipimo, unaelewa kimbunga. Watu wanaogopa pigo la mbao, nao wana haki. Lakini pigo ni la sekunde moja, na dhoruba inaweza kukaa juu ya nyumba kwa saa kadhaa, ikipumua. Dirisha dhaifu mara nyingi halifi kwa pigo. Linapasuka, linakaa, halafu linachomoka polepole kwenye fremu kila upepo unapobadili mkono.

Viwango vya pigo vinatofautiana. ASTM inavipa herufi: A ni vipira vidogo vya chuma vya gramu 2, vinavyowakilisha kokoto za paa, na vinafaa kwa madirisha ya ghorofa za juu. C ni mbao nyepesi ya kilo 2 hivi. D ni ile ya kilo 4.1 niliyoieleza. E ni mbao hiyohiyo lakini kwa kasi ya zaidi ya mita 24 kwa sekunde, kwa majengo kama hospitali na makimbilio. Kwa nyumba ya chini karibu na bahari, penye vimbunga vikali, usikubali chini ya D. Madirisha yaliyopitishwa na kaunti ya Miami-Dade, kulekule Florida, huwa na hati ya kuidhinishwa iitwayo NOA, na pigo lake kubwa ni hilohilo la kilo 4.1. Hati hizo ziko wazi kwa umma: muuzaji akikupa namba, unaitafuta mwenyewe, unasoma, na unaangalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Muuzaji anayekwambia “limepimwa” bila namba hajakwambia kitu.

Kwenye hati, macho yako yaende sehemu tatu. Kwanza ukubwa. Dirisha linapitishwa hadi kipimo fulani cha upana na kimo, na hati ya dirisha la mita 1 kwa 1.2 haimsaidii mtu anayetaka la mita 2 kwa 2, hata kama ni la kampuni ileile, toleo lilelile. Pili, namna ya kuunganisha. Madirisha mawili yakiwekwa bega kwa bega, ile nguzo ya katikati inayoyaunganisha lazima nayo iwe imepimwa, maana inabeba mzigo wa pande zote mbili. Tatu, na hapa ndipo wengi hupita haraka, ni shinikizo ambalo dirisha limeundwa kulibeba.

Kuhimili pigo na kuhimili shinikizo ni mitihani miwili tofauti. Dirisha linaweza kuwa na muhuri wa kuhimili mbao na bado likawa halitoshi kwa ukuta wako. Shinikizo huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano +50/−60, zikiwa ni pauni kwa futi ya mraba: ya kwanza ni kusukumwa ndani, ya pili kuvutwa nje. Pauni 50 kwa futi ya mraba ni kama paskali 2,400.

Ili uone namba hizo zinatoka wapi, fanya hesabu moja. Shinikizo la upepo kwa paskali ni 0.613 mara kasi kwa mita kwa sekunde, kasi hiyo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe. Upepo wa mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa, unatoa paskali 1,530 hivi. Upepo wa mita 70 kwa sekunde, kilomita 252 kwa saa, ambapo ndipo daraja la tano la vimbunga, la juu kabisa kwa kipimo cha Marekani, linapoanzia, unatoa takriban 3,000. Kasi haikupanda hata nusu, mzigo umekaribia kuwa maradufu. Kwa dirisha la mita 1.2 kwa 1.5, ule wa kwanza ni kama uzito wa kilo 280 umeegemea kioo, na wa pili ni kama kilo 550. Hizo ni namba ghafi. Mhandisi huzirekebisha kwa kimo cha nyumba, kwa uwazi wa eneo (nyumba inayotazama maji haina kitu cha kuikingia upepo), na kwa mahali dirisha lilipo kwenye ukuta.

Mahali ni muhimu. Upepo ukizunguka kona ya nyumba unachomoka kwa nguvu na kunyonya ukuta, kwa hiyo dirisha lililo karibu na kona linahitaji namba ya kuvutwa iliyo kubwa kuliko lenzake la katikati ya ukuta uleule. Kwa nyumba ya kawaida yenye upana wa mita 12, ukanda huo wa hatari ni kama mita 1.2 kutoka kila kona. Fundi aliyekuletea namba moja kwa madirisha yote, bila kuuliza lipi liko wapi, ama amechukua namba ya juu kabisa kwa usalama, na hapo hana kosa, ama hajafanya hesabu. Mwulize ni lipi kati ya hayo mawili. Na usichanganye kasi za upepo za kanuni za ujenzi na zile za taarifa za hali ya hewa: za ujenzi za Marekani hupima mkupuo (pigo fupi la upepo) wa sekunde 3, wakati daraja zile za vimbunga hutumia wastani wa dakika 1. Namba ya mkupuo siku zote huwa kubwa zaidi kwa dhoruba ileile.

Kuhusu fremu sitakawia sana. Alumini ni ngumu na nyembamba, inafaa madirisha makubwa, ila inapitisha joto na inataka rangi nzuri dhidi ya chumvi. PVC haipitishi joto sana wala haishiki kutu, lakini kwa maeneo ya shinikizo kubwa lazima iwe na chuma au alumini ndani yake. Zote mbili zina matoleo yaliyofaulu, na zote mbili zina takataka. Ninachokuomba uangalie ni jinsi kioo kilivyokaa ndani ya fremu. Kioo cha tabaka kilichopasuka hubaki kwa sababu kingo zake zimezama vya kutosha kwenye mfereji wa fremu na zimegandishwa na silikoni ya kubeba mzigo. Kikishikwa na raba peke yake, kitachomoka kama shuka linavyochomoka chini ya godoro. Ndiyo sababu kubadilisha kioo peke yake, ukaacha fremu za zamani, hakukupi dirisha la kimbunga hata ukinunua kioo cha bei gani.

Umbo la dirisha nalo lina uzito wake. Dirisha lisilofunguka ndilo lenye nguvu kuliko yote na lisilovuja. La bawaba linalofungukia nje linafuatia, kwa sababu upepo ukilisukuma unalikandamiza zaidi kwenye raba zake. La kuteleza ni rahisi kutumia na linapendwa, lakini lazima liwe na mwanya mdogo ili liteleze, na maji yanaujua mwanya huo.

Maji, kwa kweli, ndiyo yanayoleta malalamiko mengi baada ya dhoruba, na mara nyingi dirisha halina kosa. Kwa viwango vya Amerika Kaskazini, dirisha la nyumba hupimwa kuvuja kwa asilimia 15 tu ya shinikizo lake la kubeba. Dirisha la pauni 50 limepimwa maji kwa pauni 7.5, shinikizo ambalo ukilirudisha kwenye hesabu yetu ni sawa na upepo wa kilomita 87 kwa saa. Kimbunga cha daraja la kwanza huanzia kilomita 119. Kwa hiyo dirisha zuri, lililofungwa vizuri, linaweza kuingiza maji kwenye reli yake ya chini wakati wa kimbunga na bado likawa limetimiza kila kilichoahidiwa. Weka taulo. Ukitaka maji kidogo zaidi, chagua la bawaba au lisilofunguka kwa upande unaotazama bahari, na nunua lenye namba ya maji ya juu kuliko ile ya lazima. Namba hiyo pia huandikwa kwenye hati.

Sasa usimikaji, mahali ambapo pesa nyingi hupotea. Dirisha lililofaulu maabara lilifungwa kwa skrubu za aina fulani, za unene fulani, kwa umbali fulani, zikazama kina fulani kwenye ukuta wa aina fulani. Yote hayo yamechorwa kwenye hati. Skrubu ya kwanza huwa karibu na kona, kwa kawaida ndani ya sentimita 15, na zinazofuata kwa nafasi iliyotajwa. Ukuta wa bloku una makosa yake ya pekee. Skrubu inaweza kuonekana imekaza vizuri kumbe imeshika plasta na ganda la bloku lenye tundu ndani, na siku ya upepo inang’oka na kipande cha ukuta. Inatakiwa ifike kwenye zege, au kwenye tundu la bloku lililojazwa zege, na isikaribie mno ukingo wa ukuta. Kama kuna ubao kati ya fremu na ukuta, ubao huo nao uwe umefungwa ukutani kwa nguvu ileile. Skrubu inayoishia kwenye ubao uliopigiliwa misumari miwili haijashika nyumba.

Povu la kupuliza ni la kuziba upepo na sauti. Halishiki dirisha. Nimesema hivyo kwa sababu ukiona fundi anajaza povu kwanza na skrubu baadaye, au anaweka skrubu nne kwenye dirisha lenye mchoro wa skrubu kumi na mbili, una haki ya kusimamisha kazi. Simama naye na mchoro mkononi, hesabu mashimo kabla hayajafunikwa. Piga picha kila upande. Kama eneo lenu lina mkaguzi wa majengo, aje wakati skrubu zinaonekana, asije siku ya kupaka rangi.

Nimrudie mume wako, kwa sababu wazo lake lina nusu iliyo sahihi. Filamu kwenye kioo cha kawaida hupunguza vipande vinavyoruka ndani, na hiyo ni faida. Lakini kama imebandikwa katikati ya kioo bila kushikanishwa na fremu, pigo likija kioo chote na filamu yake hutoka kama karatasi moja na kuingia ndani. Usiihesabu kama kinga ya tundu isipokuwa una hati ya kipimo ya filamu hiyo, kwenye kioo cha aina hiyo, ikiwa imefungwa kwenye fremu kwa njia hiyo. Zile karatasi za gundi za kuchora msalaba kwenye kioo hazifanyi chochote isipokuwa kuacha vipande vikubwa zaidi vya kukata. Na wale wanaoshauri kufungua dirisha la upande wa pili ili “presha itoke” wanakaribisha jambo lilelile tunalolipa pesa kulizuia.

Plaiwudi ni habari nyingine. Ni kinga halali. Kanuni za nyumba za Marekani zinaikubali kwa nyumba za ghorofa moja au mbili ikiwa na unene usiopungua milimita 11, nafasi inayozibwa isizidi mita 2.4, na vipande viwe vimekatwa na kutobolewa mapema, kila kimoja na dirisha lake, pamoja na vifungio vyake. Kukimbilia dukani siku mbili kabla ya dhoruba na kupigilia misumari kwenye fremu hakuhesabiki. Shata (vifuniko vya kufunga juu ya dirisha) za chuma au alumini zilizopimwa ni bora zaidi, na kwa kawaida gharama yake iko chini ya madirisha mapya. Udhaifu wa vyote viwili ni binadamu: lazima mtu awepo, awe na nguvu, awe na ngazi, na aanze kwa wakati. Mkiwa mnasafiri wakati wa msimu, au mna wazee nyumbani, dirisha linalojilinda lenyewe lina thamani ambayo haionekani kwenye nukuu ya bei.

Kama pesa haitoshi kwa yote, changanya. Weka madirisha ya kimbunga mahali pagumu kufikika, yaani ghorofani, juu ya ngazi, na pale penye kioo kikubwa, kisha weka shata au plaiwudi iliyoandaliwa kwenye mengine. Usichoweza kufanya ni kukinga upande wa bahari na kuuacha wa nyuma. Kimbunga kinazunguka: jicho lake, yaani kitovu chake kitulivu, likipita, upepo hugeuka na kuja kwa nguvu kutoka upande wa pili. Tundu moja lililo wazi linatosha kuijaza nyumba hewa.

Na kabla hujasaini chochote, nenda ukautazame mlango wa gereji, kama unao. Ndio tundu kubwa kuliko yote, mara nyingi ni bati jembamba linaloteleza kwenye reli mbili, na sijaona watu wengi wakiuweka kwenye bajeti ya madirisha. Kama ningekuwa na pesa ya kitu kimoja mwaka huu, huenda ningeanza na huo. Mlango wa mbele wenye vioo pembeni, na milango ya kuteleza ya barazani, navyo vinahesabika.

Jambo la usalama ambalo halina mjadala: kioo kinachokataa kuvunjwa na mbao kitakataa pia kuvunjwa na wewe kwa kiti moto ukiwaka. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja linalofunguka, kubwa la kutosha mtu mzima kupita. Kanuni za Marekani zinataka uwazi wa takriban mita ya mraba 0.53. Mtoto ajue kulifungua gizani. Kama kuna shata juu yake, ziwe zinafunguka kutoka ndani.

Ukiwa na bajeti, ulizia la vioo maradufu lenye nafasi ya hewa katikati, tabaka likiwa upande wa ndani na kioo kilichokomazwa upande wa nje. Cha nje kitapukutika kikipigwa, cha ndani kitabaki. Linapunguza joto vizuri. Miale ya jua inayochujua mapazia huzuiwa karibu yote na utando wa PVB wenyewe, na kelele za barabarani zitapungua hata kama hukuziomba zipungue. Karibu na bahari, skrubu, bawaba na makomeo viwe vya chuma cha pua, na fremu zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Matundu madogo ya kutolea maji chini ya fremu usiyazibe kwa silikoni, hata fundi wa rangi akikushauri.

Mwisho, jiandae kwa siku ya baada. Kioo cha tabaka kilichopasuka kimefanya kazi yake na kimekwisha. Kinaweza kukaa hapo wiki kadhaa kikiwa kimezuia mvua, lakini hakitafaa kwa dhoruba ya pili, na baada ya kimbunga foleni ya vioo vipya huwa ndefu. Kwenye kona ya kila kioo kuna alama ndogo iliyochorwa na kiwanda, na kwenye fremu kuna kibandiko chenye namba ya hati na vipimo. Vipige picha leo vingali vinasomeka, kwa sababu jua hula vibandiko. Hifadhi picha hizo nje ya simu pamoja na risiti na michoro ya usimikaji. Kampuni ya bima itaviomba. Na msambazaji akipata agizo lenye namba kamili anaweza kulituma kiwandani siku ileile, bila kusubiri mtu aje kupima upya.